Wasichana na Kazi ya Kompyuta

Leo tuna somo la historia. Mwenye kitabu na akifunge kwanza, maana kazi ya kwanza leo ni kusikiliza. Maandishi yatakuja mwishoni.

Naanza kwa swali. Ukimwona mtu ameketi mbele ya kompyuta akiiandikia maagizo ya kufanya kazi, wadhani mtu huyo ni mwanamume au mwanamke? Wengi wetu tutajibu upesi: mwanamume. Mtoto wa kiume akitaka kushika kompyuta ya shule, twasema huyu ana akili za ufundi. Mtoto wa kike akitaka, twamwuliza kama amekwisha kuosha vyombo. Basi tutazame jibu letu hilo limetoka wapi. Halikushuka mbinguni. Ni jibu la juzi tu, na twaweza hata kutaja miaka lilipoanza kukua.

Kwanza neno lenyewe. Kompyuta ni neno la Kiingereza, na maana yake ni mwenye kuhesabu. Kwa muda mrefu lilikuwa jina la kazi ya mtu, kama tunavyosema mpishi au karani. Katika miaka ya 1880, katika nyumba ya kutazamia nyota ya chuo kikuu cha Harvard, Marekani, waliajiriwa wanawake kupiga hesabu za nyota kwa kalamu na karatasi. Mishahara yao ilikuwa midogo, na hiyo ilikuwa sababu moja ya kuajiriwa wao. Watu hao ndio walioitwa kompyuta. Mashine ilikuja baadaye ikarithi jina lao.

Sasa twende kwenye Vita Kuu ya Pili. Huko Uingereza palikuwa na mahali pa siri paitwapo Bletchley Park. Kazi ya hapo ilikuwa kufumbua mafumbo ya adui, maana Wajerumani walipelekeana habari kwa maandishi yaliyovurugwa kwa mashine, asiweze mtu mwingine kuyasoma. Mwaka 1944 ilianza kazi hapo mashine kubwa ya umeme iliyoitwa Colossus. Ilibuniwa na fundi wa idara ya posta, Tommy Flowers. Na ni nani walioiendesha usiku na mchana? Ni wasichana wa jeshi la majini, wengi wao bado vijana sana. Katika kila watu wanne waliofanya kazi Bletchley, watatu walikuwa wanawake. Vita vilipokwisha waliambiwa wafunge midomo, nao wakaifunga kwa miaka mingi. Wengine walifariki bila waume zao kujua walifanya nini.

Likumbukeni jina hilo la Bletchley. Tutalirudia.

Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Philadelphia, Wamarekani walikuwa na mashine yao, ENIAC. Ilikuwa na uzito wa tani 30 na taa 18,000 hivi, za namna ile iliyokuwa ndani ya redio za zamani. Kazi yake ilikuwa kuhesabu njia ya kombora angani. Mtu mwenye kalamu alihitaji saa nyingi kumaliza hesabu moja. Mashine iliimaliza kwa sekunde 20 hivi. Lakini mashine haijui kitu mpaka iambiwe. Ni lazima mtu aipangie hatua: fanya hili kwanza, kisha hili, na likitokea hili, rudi pale. Ni kama mama anavyomwagiza mtoto apike uji: bandika maji, yakichemka tia unga, koroga, ukiona mzito ongeza maji kidogo. Maagizo ya namna hiyo kwa mashine ndiyo yaitwayo programu.

Programu za ENIAC zilipangwa na wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha. Walipewa michoro ya mashine, wakaambiwa wajifunze wenyewe. Februari 1946 mashine ilionyeshwa kwa wakubwa na waandishi wa magazeti, nayo ikafanya kazi bila kosa. Jioni ile kulikuwa na karamu. Wale wanawake hawakualikwa. Picha zao zilipigwa lakini majina hayakuandikwa, hata katika miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja, Kathy Kleiman, alipouliza wanawake hawa katika picha ni nani, akajibiwa kwamba labda ni warembo waliosimamishwa kando ya mashine ili picha ipendeze.

Basi mwanzoni kazi ya programu ilihesabiwa kuwa kazi ndogo, kazi ya kiofisi, nayo ikaachiwa wanawake. Ilipoonekana kuwa ina heshima na fedha, wanaume wakaja. Mambo haya twayajua hata kwetu. Mara ngapi biashara imeanzwa na mama sokoni, na ilipokua akatafutwa mwanamume wa kuwa meneja?

Hata hivyo wanawake hawakuondoka mara moja. Huko Uingereza mwaka 1962 mama mmoja, Stephanie Shirley, alianzisha kampuni ya programu kwa mtaji wa pauni 6. Aliwaajiri wanawake waliokuwa wameacha kazi kwa sababu ya kulea, wakafanya programu nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Barua zake za kutafuta kazi hazikujibiwa alipotia sahihi kwa jina lake. Akaanza kutia sahihi Steve, jina la kiume, na majibu yakaja. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, wanaume walikuwa watatu tu. Mwaka 1975 Uingereza ilitunga sheria ya kukataza ubaguzi kati ya wanaume na wanawake katika kazi, na sheria hiyo ikamlazimu yeye kuwafungulia wanaume mlango! Nacheka kila nisomapo habari hiyo.

Tazameni sasa hesabu za Marekani. Mwaka 1984, katika kila watu 100 waliopata shahada ya kompyuta, 37 walikuwa wanawake. Kufika mwaka 2010 wanawake walikuwa kama 18. Katika masomo ya udaktari na sheria wanawake waliongezeka miaka hiyo hiyo; katika kompyuta walipungua nusu. Kumetokea nini?

Jibu moja, na kwa maoni yangu ndilo kubwa, ni kwamba miaka hiyo kompyuta ndogo ziliingia nyumbani, nazo ziliuzwa kama mchezo wa wavulana. Waalimu wawili wa Marekani, Jane Margolis na Allan Fisher, walizungumza na wanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, wake kwa waume, wakaandika kitabu juu yake mwaka 2002. Walisikia habari ile ile mara nyingi: kompyuta ya nyumbani iliwekwa katika chumba cha mtoto wa kiume. Dada yake aliiangalia kutoka mlangoni. Walipofika chuoni, kijana alikuwa amekwisha kuichezea miaka minane, na msichana aliketi karibu naye akidhani kijana yule amezaliwa na akili hiyo. Hakuzaliwa nayo. Alikuwa na mashine chumbani.

Chuo kile kilibadili mambo. Kiliacha kuwapendelea waombaji waliokwisha kuzoea kompyuta, kikawafundisha tangu mwanzo wale wasioizoea, na kikawapa mafunzo waalimu wa sekondari. Mwaka 1995 wasichana walioingia somo la kompyuta walikuwa 7 katika kila 100. Mwaka 2000 walikuwa 42. Miaka mitano tu! Akili za wasichana wa Marekani hazikubadilika katika miaka mitano. Kilichobadilika ni mlango.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mashindano ya shule.

Mashindano ya programu kwa wanafunzi wa sekondari ni ya zamani kidogo. Yale makubwa ya dunia yalianza nchini Bulgaria mwaka 1989, na kila nchi hupeleka vijana wanne. Kwa miaka mingi wasichana waliofika huko walikuwa wachache sana. Ni jambo rahisi kueleza. Mashindano yaliyo wazi kwa wote huwachukua walio mbele tayari, na waliokuwa mbele ni wale waliopewa mashine mapema. Mbio ni za haki pale tu watu wanapoanza kwenye mstari mmoja.

Kwa hiyo watu wakafikiri: tufanye mashindano ya wasichana. Mwaka 2021 yalianza ya Ulaya, yakiongozwa kutoka mji wa Zurich, Uswisi. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona wasichana walishindana kila mmoja akiwa nchini kwake. Yamefanyika kila mwaka tangu hapo, na hata nchi za nje ya Ulaya zimealikwa.

Lakini mashindano ninayotaka myajue zaidi ni ya Uingereza. Ile idara ya siri iliyokuwa Bletchley haikufa vita vilipokwisha. Iliendelea kwa jina jingine, na leo kazi yake mojawapo ni kulinda mashine za nchi zisiingiwe na wezi. Mwaka 2017 wanawake walikuwa wachache mno katika kazi hizo. Fikirini jambo hili! Nyumba ile ile ambayo mwaka 1944 ilijaa wasichana wenye kuendesha mashine, miaka 73 baadaye ilikuwa inawatafuta wasichana kwa tochi. Ikaanzisha mashindano ya shule: wasichana wanaunda kikundi, wanapewa mafumbo ya kufumbua kwa kompyuta, na vikundi bora hukutana mwishoni uso kwa uso. Mwaka wa kwanza waliingia wasichana zaidi ya 8,000. Kisha yakaelekezwa kwa wasichana wa miaka 12 na 13. Kwa nini umri huo? Kwa sababu baada yake kidogo wanafunzi wa Uingereza huchagua masomo watakayoendelea nayo. Msichana akikutana na kazi hii baada ya kuchagua, amechelewa.

Sasa turudi Afrika ya Mashariki, maana huku nako kuna habari.

Huko California, Marekani, mwaka 2010 yalianza mashindano yaitwayo Technovation. Taratibu zake ni hizi. Wasichana hujikusanya, wasizidi watano. Hupata mlezi, mtu mzima wa kuwaongoza. Kwa miezi michache hujifunza kutengeneza programu ya simu. Wanaoanza hawalazimiki kuandika maneno magumu. Kuna namna ya kupanga maagizo kwa vipande vyenye rangi, vinavyoshikana kama matofali, na kisichofaa hakikubali kushika. Sharti kuu ni moja: programu hiyo itatue shida iliyopo katika jamii yao. Msichana haambiwi, njoo ujifunze mashine. Huulizwa, kwenu kuna taabu gani? Nadhani hapo ndipo penye siri ya mashindano haya.

Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu Girls, nchini Kenya, wa miaka 15 hadi 17, waliulizwa swali hilo. Wangeweza kuchagua jambo jepesi. Lakini walikuwa na rafiki shuleni, msichana hodari wa masomo, aliyekeketwa. Na baada ya hapo hakurudi tena darasani. Kwa Wajaluo, jamii inayokaa sehemu za Kisumu, kukeketa si desturi. Wangeweza kusema, hayo si yetu. Hawakusema hivyo. Kiti kilikuwa kitupu, nao walikuwa wakikiona kila siku.

Kukeketa kumekatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011. Lakini sheria iko Nairobi, na msichana yuko kijijini, usiku, na watu wanaotaka kumkeketa ni jamaa zake mwenyewe. Atamwambia nani? Wale watano wakatengeneza programu ya simu wakaiita i-Cut. Ilikuwa na vitufe vichache tu. Msichana aliye hatarini hubonyeza kimoja, na habari ipelekwe kwa wenye mamlaka. Aliyekwisha kukeketwa hubonyeza kingine apate kujua mahali pa kutibiwa na pa kupata msaada wa sheria. Kingine ni cha kutoa taarifa, kingine cha kujifunza. Kikundi chao walikiita kwa Kiingereza The Restorers, maana yake Warejeshaji, wenye kurudisha kilichopotea.

Agosti mwaka ule walikwenda California kwa mashindano ya mwisho. Walikuwa kikundi pekee kutoka Afrika. Walisimama mbele ya jopo la waamuzi, wakaeleza kazi yao kwa Kiingereza, mbele ya watu wasiowajua, katika nchi wasiyoijua. Hawakuchukua zawadi ya kwanza. Lakini mwaka 2019 Bunge la Ulaya liliwataja miongoni mwa waliofika mwisho wa kuwania Tuzo ya Sakharov, ambayo hutolewa kwa watetezi wa haki za watu. Mwaka huo tuzo ilikwenda kwa Ilham Tohti, mwanachuoni aliyefungwa China. Si aibu kushindwa na mtu kama huyo.

Sitaki niwape hadithi tamu kuliko ilivyo. Mwaka 2014 hesabu ya serikali ya Kenya ilionyesha kwamba wanawake 21 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Tusiseme ni programu ya wale watano iliyoshusha hesabu hiyo. Jambo kama hilo haliwezi kufanywa na simu. Tena simu haimsaidii msichana asiyeruhusiwa kuishika. Walichothibitisha wale watano ni jambo jingine: kwamba msichana wa sekondari wa Kisumu, akipewa mashine, mlezi, wakati na sababu, atajifunza programu katika miezi michache. Sababu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko vyote.

Watu wa nchi nyingine jirani wameona hivyo pia. Dar es Salaam, mwaka 2013, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, chama kinachofungua vilabu vya kompyuta kwa wasichana katika shule za sekondari na kuwashindanisha. Rwanda nako, tangu mwaka 2014, pana mashindano yaitwayo Ms Geek. Hapo msichana hupewa taji kwa kazi ya akili aliyoibuni. Jina lake ni la mzaha kidogo, mfano wa mashindano ya urembo, lakini hapapimwi urembo.

Najua baadhi yenu mna neno. Baba mmoja atauliza: kwa nini wasichana peke yao, je, wavulana wamekosa nini? Ni swali la haki. Mashindano ya wavulana na wasichana pamoja yapo, na hayajafutwa. Lakini mtu aliyetazama darasa lenye kompyuta 10 na wanafunzi 40 anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Wavulana hukimbilia viti, wasichana husimama nyuma kuangalia. Mwalimu asipokuwa mkali, kipindi hukwisha hivyo. Kwa muda fulani, wasichana wakae mbele ya mashine bila kusukumwa. Wakiisha kuizoea, watashindana na yeyote.

Na mama mmoja atauliza: mashindano yakiisha, je? Hili ni swali gumu zaidi, na ningependa wenye kuandaa mashindano waulizwe mara nyingi. Msichana hupewa cheti, hupigwa picha, gazeti huandika. Jumatatu hurudi shuleni, na chumba cha kompyuta kimefungwa kwa kufuli kwa sababu ufunguo uko kwa mkuu wa shule, naye amesafiri. Mashindano bila klabu ya kila juma ni kama kupanda mbegu na kutochota maji. Tena klabu ikiwekwa saa 10 jioni, wavulana watabaki na wasichana watakwenda kuchota maji na kupika. Mwalimu aiweke ndani ya saa za masomo, au Jumamosi kwa mapatano na wazazi.

Kwa mapatano na wazazi, nimesema. Hapo ndipo sisi tulio katika darasa hili tunapoingia. Karatasi ya ruhusa ya kwenda mashindanoni haitiwi sahihi na mkuu wa idara ya Uingereza wala na mabwana wa California. Inaletwa nyumbani jioni, imekunjwa ndani ya daftari, na mtoto anangoja baba au mama amalize kula ndipo aitoe. Zamani baadhi yetu tungeweka dole gumba bila kujua iliyoandikwa. Sasa mnaweza kuisoma.

Haya, chukueni madaftari. Andikeni maneno haya matano, kila neno katika mstari wake: programu, kikundi, mlezi, kitufe, ruhusa. Kisha kila mmoja atazame nyumbani kwake kwa siku saba: simu ya nyumbani hushikwa na nani, na saa ngapi? Andika majina ya watoto wote, wa kiume na wa kike, na mbele ya kila jina andika saa. Mje na karatasi hizo katika somo lijalo, tuzijumlishe ubaoni. Kwaherini.